Kabati Halikusogezwa

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeitikia mapema, maana ukingojewa wewe uanze salamu mtu anaweza kuota mvi. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto linamsumbua, la kulia bado lina adabu. Kikohozi alichokipata baada ya mafuriko kimepungua ila hakijahama. Anauliza kama unakula. Nimemwambia watu wa ofisini hukosa vyote ila chakula.

Mimi mzima. Chumba changu cha udobi hakikuguswa kwa kuwa kiko juu kule barabarani, kwa hiyo pasi zipo, meza zipo, na nguo za watu zinakuja kuliko kawaida, kwa sababu mji mzima umechafuka. Nyumba ndiyo iliyopigwa. Maji yalikaa ndani siku mbili. Simu yangu ilikufa humo tarehe kumi na nne Januari, pamoja na redio, magodoro mawili na viatu vya Mama, vyote vya mguu mmoja, sijui mto ulichaguaje. Nikaazima simu ya jirani kukupigia mara tatu, hukupokea. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati ya maneno.

Sasa sikiliza. Unajua nyumba hii niliinunua kwa mkopo wa benki, mwaka wa sita huu. Kila mwezi, juu ya rejesho, wananikata pesa ya bima. Walisema bila bima hakuna mkopo, nikalipa bila kuiona hiyo bima sura. Mto ulipovunja kingo, benki ikabandika matangazo kila nguzo: "Tuko Pamoja Nawe." Picha ya baba, mama na watoto wawili, wanacheka, wamevaa nyeupe, hakuna mwenye tope hata kwenye ukucha. Chini wameandika kwamba mwenye nyumba isiyokalika atasimamishiwa marejesho mwaka mzima, na bima italipa matengenezo. Kinachotakiwa ni mkaguzi wao aje, aone, aandike.

Akaja. Alikuwa amevaa soksi nyeupe. Katika mtaa ambao hata kuku walikuwa na tope hadi shingoni, yeye soksi nyeupe. Alisimama sebuleni, akachungulia chumba cha Mama, akagonga ukuta mara moja kwa kalamu, akaandika, akaondoka na soksi zake nyeupe vilevile. Hakumaliza dakika kumi na mbili. Wiki tatu baadaye nikapata barua: "Nyumba iko katika hali nzuri na inakalika."

Inakalika. Ukuta wa chumba cha Mama ukiubonyeza kidole kinaingia mpaka kiungo cha pili. Sakafu ya jikoni imebaki na uwazi chini yake, ukikanyaga inakujibu. Na sasa wanasema niko nyuma miezi miwili, ikifika minne nyumba inakwenda mnadani. Mama nitamweka wapi, juu ya meza ya pasi?

Wewe uko kwenye mambo ya majumba, ingawa hujawahi kutueleza unafanya nini hasa. Waandikie hawa watu. Tumia yale maneno yenu yanayovaa tai.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni bila malipo.


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na uipokee upya, hiyo ya kwanza ulijiitikia mwenyewe. Mwambie Mama nakula. Kikohozi chake asikichezee, ampate mganga wa zahanati amsikilize kifua, na alale chumba chako mpaka ukuta ule utengenezwe. Simu sikuipokea kwa kuwa sikuijua namba. Huku wanaonipigia kwa namba nisizozijua wote wananidai jambo.

Benki zote ni zilezile. Wakikukopesha wanakuita mteja wa thamani, mvua ikinyesha wanakuita faili. Hao wa "Tuko Pamoja Nawe" wangekuwa pamoja nawe kweli, mmoja wao angekuwa na mafua. Nimewaandikia barua ya kurasa mbili na nakala yake nimekuwekea humu. Isome polepole, kuna mahali nimewatukana kwa heshima sana wasigundue.

Lakini nieleze jambo moja vizuri. Maji yakikaa ndani siku mbili huacha mstari wa tope ukutani, kuanzia mlango hadi mlango, kama umepigwa kwa rula. Mstari huo ndio ushahidi wote. Mkaguzi hata awe mvivu namna gani, hawezi kuandika "inakalika" mbele ya mstari uliofika kifuani mwake. Kwenu ulifika wapi? Aliuona? Alisimama upande gani wa sebule? Piga picha kuta zote nne za kila chumba unitumie.

Kuhusu kazi yangu, ni makaratasi tu. Hakuna la kueleza.

Mdogo wako.


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Amekataa kulala chumbani kwangu, anasema mimi nakoroma. Mimi sikoromi. Goti la kulia nalo limeanza kumwiga mwenzake.

Picha sina, nilishakwambia simu ilikufa maji. Na unaniuliza habari za kuta kana kwamba mimi ndiye niliyezipeleka mtoni. Kuta ziko palepale. Wewe shughulika na benki.

Benki wamejibu barua yako ya kurasa mbili kwa mstari mmoja: "Tumepokea maoni yako na tunayathamini." Maoni. Kama vile ulikuwa unasifia supu ya hotelini. Nikafunga kiduka changu saa tatu asubuhi, siku ya kazi, nikaenda mwenyewe.

Wamenikalisha kwenye benchi chini ya feni inayozungusha joto lilelile. Zamu yangu ilipofika, nikakutana na afisa wa mikopo. Huyu namjua, mashati yake nafua mimi. Mashati saba, kola zote zina mstari mweusi kwa ndani na mbele zinang'aa. Nikiiona kola ya namna hiyo huwa sihitaji kuelezwa mwenye nayo yukoje. Ananijua nami, lakini pale dirishani aliniomba kitambulisho kana kwamba tumekutana leo.

Nikamwambia anisomee alichoandika Soksi Nyeupe. Hakutaka. Nikamkumbusha kwamba suruali yake ya harusi ya Jumamosi iko kwangu. Akasoma. "Kuta safi, zimepakwa chokaa karibuni. Hakuna alama ya maji. Sakafu kavu. Pazia zimepigwa pasi. Mwenye nyumba hakuonyesha dalili ya taharuki."

Umesikia? Mwanamume mzima analipwa mshahara kwenda kukagua pazia. Na taharuki alitaka nionyesheje, nijigaragaze mlangoni? Nimekasirika mpaka suruali ya huyo afisa nusura niiunguze, ila nikaiheshimu kazi yangu.

Waandikie tena, kwa ukali. Waambie mkaguzi wao ni mwongo.

Dada yako.


Tarehe 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama asalimiwe.

Pazia zimepigwa pasi. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mto umepita katika nyumba, mtaa mzima unachota tope kwa sufuria, magodoro yako juu ya paa za watu, halafu katikati yake kuna nyumba moja yenye kuta za chokaa, sakafu kavu, na pazia zimenyooshwa. Mkaguzi hakusema uongo, Dada. Ulisafisha.

Ulisafisha, na miezi miwili umeniacha namwita mwenzangu mwongo kwa maandishi, na sahihi yangu chini.

Na wala sina haki ya kushangaa. Nilipokuwa na miaka saba nikashikwa na homa, Mama akiwa kazini, wewe ndiye uliyenipeleka zahanati. Kabla ya kunipeleka ulinikogesha, ukanipaka mafuta, ukanichana, ukanivalisha sare ya shule uliyoipiga pasi mpaka kaptula ikasimama yenyewe. Mganga akanitazama akasema huyu mzima, mrudisheni darasani. Siku ya tatu nikabebwa sijitambui. Nilikaribia kuzikwa nikiwa nimenyooka vizuri sana. Ukaapa hutarudia. Sasa umeivalisha nyumba nzima sare.

Unadhani mkaguzi anakuja kutafuta shida? Anakuja kutafuta sababu ya kuondoka. Dakika kumi na mbili kwa kila nyumba ndizo tunazopewa, na ndani yake kuna kujaza fomu. Hatusogezi makabati. Hatufunui mazulia. Tunaandika kinachotutazama, na ukituonyesha ukuta mweupe tunakushukuru moyoni na kwenda zetu.

Niambie ukweli wote, nijue pa kuanzia, kama pa kuanzia papo.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu,

Ndiyo. Nilisafisha.

Barua ya benki ilisema, "Mgeni wetu atafika Jumanne saa nne asubuhi." Mgeni. Ulitaka nimpokee mgeni katika tope? Siku nne tulisugua, mimi na Mama, mimi juu ya stuli, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nusu ya juu ya ukuta na yeye nusu ya chini, kwa brashi za kufulia na sabuni ya mche. Mstari ulikuwa umefika kifuani kwangu. Ulikataa kutoka, nikaupiga chokaa mara mbili. Nyufa nikazijaza saruji kwa kijiko cha chakula. Jikoni nikatandika mkeka palipo na uwazi. Pazia nilizichemsha, nikazitia buluu, nikazipiga pasi, kwa sababu pazia zisizopigwa pasi ni matambara yanayoning'inia. Kabati la marehemu Baba ndilo pekee lililotushinda. Wanne wenye nguvu walilileta, wawili wenye magoti mabovu hawalitoi. Tukasugua tukalizunguka.

Niliona aibu. Sasa umefurahi? Nina miaka ishirini na mbili nafua uchafu wa watu wa mji huu, najua nani analia kwenye foronya na nani analinywesha shati pombe kuliko tumbo, na watu hao wote kitu kimoja tu wanachokijua juu yangu ni kwamba mimi ni mtu safi. Sina kingine. Halafu aje mtu na kalamu anione nimekaa katika kinyesi cha mto, aandike, ipigwe muhuri. Sikuweza. Hata ile sare yako, sikuweza. Nilikuwa na miaka kumi na tano, Mama kaniachia mtoto, kisha mganga amwone mchafu aseme hatulelewi?

Haya, mimi nimesema langu. Sasa wewe.

Nimemsomea Mama barua yako, si yote, nikafika kwenye "dakika kumi na mbili ndizo tunazopewa." Mama akaniambia rudia hapo. Nikarudia. "Hatusogezi." "Tunaandika." Na yule wa soksi umemwita mwenzako. Makaratasi tu, uliniambia. Mama kauliza kama huko nako unavaa soksi nyeupe.

Notisi imekuja. Mnada ni tarehe thelathini Julai. Wameibandika mlangoni kwa gundi, na gundi hiyo inaharibu rangi.

Dada yako.


Tarehe 22 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, kikohozi kimerudi. Sijapata jibu.

Dalali amekuja kupima kiwanja kwa hatua zake, ana miguu mifupi, nyumba itatoka kubwa kuliko ilivyo. Alimsifia Mama kwa usafi. Akasema nyumba kama hii haitachukua hata nusu saa kupata mtu.

Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Dada yako.


Tarehe 4 Julai

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama ni nyeusi. Soksi zangu ni nyeusi, lakini swali lake nimelielewa.

Mimi ni mkaguzi. Mwaka wa nne sasa. Nakagua nyumba kwa niaba ya benki ya huku, baada ya moto, baada ya upepo, na mwaka juzi baada ya mafuriko kama ya kwenu. Sikuwaambia kwa sababu kila nilipokuja likizo ulikuwa na hadithi ya benki, na kila hadithi ilikuwa na mtu kama mimi ndani yake, na ulikuwa unaigiza mwendo wake vizuri mno. Nilicheka pamoja nanyi. Nikaona niseme makaratasi.

Mwaka juzi nilikuwa nakagua nyumba tisa kwa siku. Fomu ina visanduku vitatu: inakalika, haikaliki, irudiwe. Ukikitia alama cha tatu unarudi kwa muda wako, bila posho. Sijawahi kukitia alama. Kuna nyumba moja ya mwanamke mshona mashuka, mjane, anaishi peke yake. Aliniletea maji ya kunywa katika glasi, glasi ikiwa juu ya kisahani. Nikajiambia, mwenye kisahani hana shida. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kuta zimefutwa. Nyuma yake palikuwa na kabati kubwa la mbao. Niliona majimaji kwenye miguu ya lile kabati, Dada. Niliona. Nikanywa maji, nikashukuru, nikaandika inakalika, nikaenda nyumba ya sita.

Sasa la kwako, na usome hapa mara mbili. Mwenye nyumba ana haki ya kudai ukaguzi wa pili, na mkaguzi wa kwanza haruhusiwi kurudi, lazima aje mwingine. Dai likipokelewa, mnada unasimama. Imeandikwa nyuma ya mkataba wako, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Lakini mwisho wa kudai ni miezi sita tangu siku ya janga. Kwako ni tarehe kumi na nne mwezi huu. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza nimejuaje. Nilidhani barua yangu ya kurasa mbili ingetosha nami nikabaki mtu wa makaratasi. Huo ndio ukweli na hauna sura nzuri.

Nenda kesho. Andika "nadai ukaguzi wa pili" na usubiri mpaka wagonge muhuri wenye tarehe. Ukirudi nyumbani, usifagie. Usipake kitu. Ondoa mkeka jikoni. Pazia shusha kabisa, hizo siziamini mikononi mwako. Mkaguzi akija usimpe kiti, usimpe maji, usimwombe radhi. Mwambie neno moja tu: sogeza kabati.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia Jumamosi tarehe kumi na moja, benki imefungwa. Jumapili sikula. Jumatatu tarehe kumi na tatu nilikuwa mlangoni kwao kabla ya mlinzi. Umeniachia siku moja, mdogo wangu. Nilipokuwa nimekaa chini ya ile feni nilikuchukia, nakwambia kama ilivyokuwa.

Afisa wa mikopo akasema huo ukaguzi wa pili hajawahi kuusikia. Nikageuza mkataba, nikaweka kidole. Akasoma akaita mwingine, mwingine akaita mwingine, wakajikusanya watatu wanautazama mkataba wao wenyewe kana kwamba umeokotwa. Nikakaa mpaka muhuri ukagongwa. Nikaomba waugonge tena, ule wa kwanza ulikuwa hafifu.

Kisha zikaja siku kumi na moja ambazo sizitaki tena maishani. Sikufagia. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta Mama amekaa kwenye kochi mikono chini ya mapaja, maana ikiwa nje inatafuta kitambaa. Siku ya tano jirani alikuja kuomba chumvi, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Mama alilia. Nikamwambia wewe ndiye uliyeagiza, akasema basi mwanangu kakomaa kwa ukatili.

Mkaguzi wa pili alikuwa mwanamke, kavaa viatu vya mpira vyenye tope la nyumba nyingine. Nikampenda kabla hajasema kitu. Afisa wa mikopo alifuatana naye kama shahidi, na shati jeupe nililolifua mimi. Sikumpa mtu kiti. Sikuwapa maji, na mdomo ukawa unaniwasha. Nikasema, "Sogeza kabati."

Afisa akasema si kazi ya ukaguzi kuhamisha samani. Yule mwanamke akaweka fomu yake chini na kushika pembe moja. Mimi nikashika nyingine, Mama akaja na magoti yake, na yule afisa alipoona wanawake watatu wanasukuma naye kasimama, aibu ikamshika, akaegemeza bega. Likatoka.

Ulikuwepo. Mstari wote, mweusi, umenyooka, umefika kifuani kwangu, na chini yake ukuta umeoza, kipande kikaanguka chenyewe mbele yetu. Mkaguzi akapima, akabonyeza ukuta wa chumba cha Mama, kidole kikaingia. Akakanyaga jikoni, sakafu ikamjibu. Akaandika haikaliki. Marejesho yamesimamishwa mwaka mzima, mnada umefutwa, na watu wa bima wanakuja Alhamisi. Ile notisi nimeibandua. Rangi imetoka nayo kama nilivyosema.

Afisa ameniletea lile shati lenye tope la kabati begani. Nimemrudishia na doa lake. Nimemwambia halitoki. Linatoka.

Mama anasema sehemu ile ya ukuta isifutwe mpaka bima walipe, na mimi nimekubali, kila siku naupita nikiwa nimetazama pembeni.

Sasa mambo yetu. Nilidhani nitakusamehe nikishapata nyumba, kumbe bado nasubiri. Mimi nilificha tope langu, ukaniandikia ukurasa mzima wa kunicheka na homa yako ya miaka saba. Wewe uliona maji kwenye miguu ya kabati la mtu mwingine, ukanywa maji yake. Usiniandikie kuniomba radhi, mimi nyumba ninayo. Nenda kwa yule mshona mashuka ukasogeze kabati. Ukishalisogeza ndipo uniamkie.

Dada yako.


Tarehe 19 Agosti

Dada,

Nimekwenda.

Nilikwenda Jumamosi, bila fomu. Mtaa niliukumbuka, nyumba niliipitiliza kwa sababu imepakwa rangi ya kijani. Mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyevaa fulana, nikamuulizia mjane. Akasema yeye hamjui, nyumba aliinunua mnadani mwaka jana, kwa bei nzuri, ilikuwa safi sana. Aliyekuwamo aliondoka na cherehani, mengine akayaacha. Nilipouliza alikokwenda, akamuuliza jirani, na jirani hajui.

Kabati lipo. Mjane aliliacha kwa kuwa halikubebeka. Nikamwomba yule bwana anisaidie kulisogeza. Akanitazama kama mwendawazimu, lakini ni mtu mwema, akashika pembe. Lilitoka kwa shida, chini mbao zimeliwa.

Mstari ulinifika kifuani. Nilisimama mbele yake nikajipima.

Mwenye nyumba akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia kuna kitu nilikisahau hapa. Akaniuliza kama nimekipata, kisha akaniletea maji, katika glasi, glasi juu ya kisahani. Alivikuta kabatini, akasema. Sikuweza kunywa, Dada. Nilikishika mpaka maji yakapata moto.

Shikamoo.